Siku moja Lushoto na watoto na bibi: njia, ukungu na ukingo wa Irente

Swali: Tuko likizo Korogwe kwa wakwe zangu mwezi huu wa Juni. Wiki ijayo tunataka kupanda Lushoto siku moja na kurudi jioni. Tutakuwa mimi, mume wangu, watoto wetu wa miaka 4 na 9, na mama mkwe mwenye miaka 71 ambaye ana presha. Gari ni letu, dogo, la otomatiki, na mume wangu hajawahi kuendesha milimani. Mdogo hutapika safarini. Tutoke saa ngapi, tuone nini, na je, tunaweza kufika hadi Mtae? Mama mkwe naye anauliza kama mlima hautampandisha presha.

Jibu: Dada, kwanza nifikishie shikamoo zangu kwa mama mkwe. Halafu nianze na Mtae, kwa sababu jibu lake ndilo litakaloipanga siku yenu yote. Msiende Mtae safari hii. Najua kwa nini mnapatamani. Ni kijiji kilichokaa ukingoni kabisa mwa Usambara Magharibi upande wa kaskazini, na mbingu ikiwa safi unasimama pale unaitazama nyika ya Mkomazi na, kwa mbali, Kilimanjaro. Lakini kutoka Lushoto mjini ni kama kilomita 60 za njia ya milimani, zaidi ya saa mbili kwenda na saa mbili nyingine kurudi. Ukijumlisha na safari ya kutoka Korogwe, mtoto wa miaka minne atakachokiona siku nzima ni mgongo wa kiti cha mbele. Mtae ni mahali pa kulala usiku mmoja. Pawekeeni likizo nyingine.

Nimetembeza familia katika milima hii kwa miaka mingi, na kosa ninaloliona mara kwa mara ni hilo la kutaka vyote. Watu wanafika wakiwa na orodha ya maporomoko, msitu, soko, ukingo na vijiji viwili, na jioni wanashuka wamechoka, watoto wanalia, hakuna hata mahali pamoja walipokaa wakaridhika. Kwa familia yenu ningechagua vituo vitatu: Soni, iliyo njiani, kwa muda mfupi, mji wenyewe wa Lushoto kwa saa moja au mbili, na Irente, ukingo wa mlima nje kidogo ya mji, kwa muda wote utakaobaki.

Tokeni Korogwe saa moja asubuhi, mkiwa mmeshakunywa chai. Msitoke alfajiri. Najua desturi yetu ya safari ni kuwahi, lakini Juni ni mwezi wa baridi na ukungu huko juu. Anayefika Irente saa mbili asubuhi mara nyingi hukuta weupe mtupu mbele yake, kama amesimama mbele ya shuka lililoanikwa. Siku nyingi ukungu huanza kuachia kuanzia saa nne au saa tano. Kwa hiyo mkitoka saa moja, mkapumzika Mombo na tena Soni, mtaingia mjini jua likiwa linaanza kupenya, na Irente mtaikuta imefunguka.

Sasa njia yenyewe. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo penye wasiwasi wa kweli.

Kutoka Korogwe hadi Mombo ni barabara kuu ya kwenda Moshi, tambarare, mashamba ya mkonge kulia na kushoto. Mwenye miaka tisa mwambieni kwamba mkonge si mmea wa asili wa hapa. Mjerumani Richard Hindorf aliuagiza mwaka 1893 kutoka Florida, na miche 62 tu ndiyo iliyofika hai. Mashamba yote ya Tanga yalianzia kwenye miche ile michache. Mtoto wa umri huo anapenda hesabu ya namna hiyo, na itampa kitu cha kutazama dirishani.

Mombo simameni. Jazeni mafuta, kagueni maji ya rejeta na upepo wa matairi, kila mtu aende msalani, na mdogo ahamie kiti cha katikati nyuma, anakoweza kuiona barabara iliyo mbele. Kiti hicho kina kazi kubwa. Kichefuchefu cha safari hutokea pale sikio la ndani linapoupa ubongo habari kwamba mwili unageuka, huku macho yaliyoinamia simu au kitabu yakisema mwili umetulia. Ubongo unachanganyikiwa, tumbo ndilo linaloumia. Macho yakiiona kona kabla haijafika, ugomvi huo unapungua sana. Basi simu zikae mfukoni kuanzia Mombo hadi Lushoto. Asubuhi mdogo ale chakula kikavu na chepesi, asinywe maziwa mengi, na dirisha liwe wazi kidogo. Dawa ya kuzuia kutapika usimpe mtoto wa umri ule kwa kukisia; muulize mfamasia kabla ya safari. Mfuko usiovuja wa kutapikia na kitambaa chenye maji viwe karibu yako, visiwe kwenye buti.

Kutoka Mombo hadi Lushoto ni kama kilomita 33 za lami, nyembamba, kona juu ya kona, na mnapanda karibu mita 1,000. Mombo iko mita 400 na kitu kutoka usawa wa bahari, Lushoto iko karibu 1,400. Masikio yataziba. Mpe kila mtoto kitu cha kumung'unya au maji ya kunywa kidogokidogo, kumeza ndiko kunakoyazibua.

Mumeo asiogope kupanda. Kupanda ni rahisi kuliko kushuka. Akae upande wake wa kushoto hata pale barabara inapoonekana tupu, apige honi kwenye kona isiyoonekana upande wa pili, na wenyeji wenye haraka awapishe. Hiace na malori ya mboga wanaijua njia hii kona kwa kona, hana sababu ya kushindana nao. Mkikutana pembamba, anayeshuka ndiye anayempisha anayepanda.

Kushuka ndiko kwenye somo. Dereva asiyezoea milima hukanyaga breki mfululizo kutoka juu hadi chini. Breki zinapata moto, zinaanza kutoa harufu kama ya plastiki iliyoungua, kisha pedeli inakuwa laini na gari halisimami linapotakiwa. Gari la otomatiki lina L au 2 kwenye gia zake, au alama ya kutoa (-) ambayo kwayo mumeo atapunguza gia mwenyewe. Aweke gia ndogo kabla hajaanza mteremko, asingoje gari likimbie kwanza. Injini italizuia gari, italalama kwa sauti kubwa, na hiyo si dalili ya ubovu. Breki aitumie kwa kukanyaga na kuachia. Akisikia ile harufu, asimame mahali salama, apumzishe gari robo saa, asimwagie magurudumu maji. Asingoje siku ya safari ndipo ajue L inavyowekwa. Ajizoeze siku mbili kabla kwenye mteremko wowote wa Korogwe.

Kuhusu mama mkwe. Madhara ya kimo cha mlima, yale ya kichwa kuuma na pumzi kukata, kwa kawaida huanza mtu anapovuka mita 2,500 hivi. Lushoto iko mbali sana chini ya hapo. Watu wenye presha wanaishi huko na wanazeeka huko. Kinachowasumbua wazee ninaowapokea ni kitu kingine kabisa: wengi huruka kidonge cha asubuhi siku ya safari, hasa kile kinachowafanya waende haja ndogo mara kwa mara, kwa kuogopa kuwaomba vijana wasimamishe gari. Mwaka fulani nilimtembeza mama mmoja, mtu mzima wa heshima zake, ambaye hadi saa tisa alasiri hakuwa amegusa maji wala dawa kwa sababu hiyo. Tulimkuta amekaa kimya kwenye gari anashika paji la uso, na aliposema sababu, mwanawe alilia. Basi mwambie mama kabla hajaomba: tutasimama Mombo, tutasimama Soni, tutasimama mjini. Anywe dawa kama kawaida yake na maji yake anywe. Kama presha yake haijatulia siku za karibuni, apimwe kabla ya safari na amsikilize anayemtibu.

Tena avae joto. Kila mita 1,000 unazopanda, hewa hupoa nyuzi 6 hivi, na Juni kuna upepo juu ya hapo. Watu wa pwani na wa bondeni hawaliamini jambo hili mpaka wafungue mlango wa gari. Sweta kwa kila mtu, soksi kwa bibi, kanga ya ziada ya kumfunika mdogo akilala. Na kofia pia, kwa sababu jua la mlimani linachoma ngozi hata unapohisi baridi.

Soni mtaifikia kabla ya Lushoto, na maporomoko yake yanaonekana barabarani. Shukeni mnyooshe miguu, watoto wasikie maji, robo saa inatosha. Lakini hapo ndipo pa kuwasimulia hadithi, kwa sababu upande huo ndiko iliko Vuga, mji mkuu wa ufalme wa Washambaa kwa miaka mingi. Mmisionari Krapf alipofika mwaka 1848, alimkuta Kimweri ye Nyumbai akitawala kutoka Vuga, na amri yake ilisikika mpaka pwani.

Hadithi ni ya Mbegha. Alikuwa mwindaji kutoka Ungulu, yaani milima ya Nguu, na inasemwa alizaliwa kigego, meno ya juu yakatangulia kuota, jambo ambalo zamani lilihesabiwa kuwa balaa kwa ukoo. Ndugu zake wakamnyima urithi, akatoka na mbwa wake. Alipoingia Usambara aliwinda nguruwe mwitu waliokuwa wakiharibu mashamba, nyama akawapa wenyeji, na wao wakampa chakula cha shambani. Hakuwa na nyumba, hakuwa na ukoo, ila kila alipopita watu walishiba. Mbegha na wenyeji wakiwa njiani kwenda Vuga usiku, simba akawavamia na Mbegha akamwua. Kulipokucha watu wakamfanya mfalme wao, wakamwita Simba Mwene, na jina hilo likawa la wafalme waliomfuata. Mwombe mama mkwe aisimulie yeye. Kama ana damu ya Kishambaa, ataijua kwa namna yake, na namna yake ndiyo watoto wataikumbuka.

Mkiendelea kupanda, waonyesheni watoto mashamba kwenye miteremko, kabichi, karoti na viazi mpaka karibu na kilele. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia serikali ya Waingereza iliwalazimisha Washambaa kulima kwa matuta kuzuia udongo usichukuliwe na mvua. Kazi ilikuwa nzito mno, na watu waliogopa kwamba ardhi ikishatengenezwa itachukuliwa. Wakakataa, ukawa mgogoro mkubwa wa miaka ya 1950. Udongo kweli ulikuwa unaondoka, na watu kweli walikuwa wanaonewa. Mtoto wa miaka tisa anaweza kuyabeba yote mawili ukimweleza taratibu.

Lushoto mjini ni padogo. Wajerumani waliuita Wilhelmstal, yaani bonde la Wilhelm, kwa jina la mfalme wao, na walipapendea hewa: walikimbilia huku kupumzika na joto la Tanga. Reli yao ilifika Mombo mwaka 1905, na kutoka pale waliendelea kupanda. Majengo ya enzi hizo bado yapo, mapaa yake yenye mwinuko mkali yaliyojengwa kama yanangoja theluji. Paki gari, tembeeni kwa miguu kuanzia barabara kuu hadi sokoni. Soko la mboga peke yake linatosha kwa watoto. Matunda kama fyulisi na plamu msimu wake ni mwisho na mwanzo wa mwaka, kwa hiyo Juni msiyategemee, lakini mboga zipo tele. Nunueni wakati wa kuondoka, si wakati wa kufika, zisije zikachemka kwenye buti.

Vijana wanaweza kuwafuata wakijitolea kuwaongoza. Wengine ni waongozaji kweli, wana vitambulisho na ofisi. Mkimtaka mwongozaji, mchukueni ofisini, mkubaliane malipo kabla ya kuanza. Kuna na watoto wanaosimama njiani na kinyonga kijitini wakiomba pesa ya picha. Naomba msilipe. Vinyonga wa pembe mbili wa Usambara Magharibi hawapatikani kwingine duniani, na yule anayeshindishwa juani kwenye kijiti hadumu. Mwongozaji mzuri atawaonyesha kinyonga akiwa mtini kwake, na hapo watoto watajifunza kumtafuta wenyewe, kazi inayoweza kuwanyamazisha nusu saa nzima.

Irente iko kama kilomita 5 kutoka mjini, njia ya vumbi, gari dogo linafika kama mvua haijanyesha usiku. Pale kuna shamba la Kanisa la Kilutheri linalojulikana kwa jibini, mkate wa rai na jemu. Chakula cha mchana kuleni huko, bustanini, lakini pigeni simu mapema kuagiza. Bibi apate kiti na meza, watoto wapate nyasi za kukimbilia.

Kisha ukingo. Hapa naomba mnisikilize wazazi wote wawili. Ni jabali linaloishia hewani, na chini yake ni kama mita 1,000 mpaka tambarare. Msitegemee uzio. Mdogo ashikwe mkono, si nguo, tangu mnaposhuka kwenye gari hadi mnaporudi. Mkubwa ndiye anayehitaji kanuni, kwa sababu ana umri wa kutaka kuonyesha ushujaa. Mimi huwafanya watoto wa umri wake walale kifudifudi mita kadhaa kabla ya ukingo, mzazi akimshika kifundo cha mguu, watambae mpaka kidevu kifike ukingoni. Hakuna mtoto niliyemfundisha hivyo akataka kusimama. Ukiwa umelala unauona ulimwengu vizuri zaidi: mashamba ya mkonge yamekuwa viraka vya mraba, barabara mliyopita asubuhi imekuwa uzi, lori linatambaa juu yake kama siafu, na tai anapita chini yako, unauona mgongo wake. Mara nyingi mtoto hunyamaza dakika nzima. Halafu huuliza, "Sisi tulikuwa pale?"

Msiharakishe hapo. Kama ukungu haujaondoka, kaeni shambani mnywe chai mngoje; nimeona pazia lile likifunguka kwa dakika tano.

Msitu wa Magamba uko karibu na mji, nao ni hifadhi ya mazingira asilia, una mbega weusi kwa weupe na miti mikubwa ya mkulo. Ningewaambia muuache, ila kama mume na mkubwa wana hamu, waende wao wawili na mwongozaji kwa saa moja wakati wewe, bibi na mdogo mmepumzika mjini. Kiingilio kinalipwa serikalini kwa namba ya malipo, hakitolewi mkononi mwa mtu njiani. Wakienda Magamba, lakini, muda wao Irente utapungua, na mimi nisingeupunguza.

Saa tisa alasiri muwe mmeshapanda gari. Milimani giza huwahi, ukungu wa jioni hurudi, na watu wanaotoka mashambani na mizigo kichwani wanatembea pembeni mwa lami bila taa. Kama jambo lolote litawachelewesha mpaka saa kumi na moja bado mko juu, laleni Lushoto. Mbebee mama dawa za siku mbili na mtoto nguo za kubadili, ili uamuzi huo msiuogope ukija.

Mkiteremka, kabla ya kuweka gia ndogo, angalieni mdogo kama amelala. Mtoto aliyelala ni nadra kutapika, na kwa kawaida huamka Mombo, anashangaa mbona amevaa sweta kwenye joto lile.